Vidonge Thelathini na Vitano na Shemeji Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Upele mbavuni. Upande wa kushoto tu, umejipanga kama foleni ya wanafunzi, unachoma kama pasi. Nilimshuku papo hapo Fundi Saa, kaka wa mke wangu, anayeishi nasi tangu mwaka juzi na kutengeneza saa za watu barazani kwangu. Juzi alinifulia shati bila kuombwa. Nani humfulia mwenzake shati bila sababu?

Zahanati. Muuguzi akatazama mara moja, akasema ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni havikuondoka, vilijificha kwenye mishipa ya fahamu. Miaka hamsini na minane bila kujitambulisha! Akauliza kama nina ugonjwa wa figo. Nikasema sina, nikamwuliza figo zangu anazitakia nini. Akanisifu kwa kuwahi, kwa kuwa dawa hufanya kazi vizuri ikianzwa kabla ya siku tatu kupita.

Vidonge thelathini na vitano. Kimoja kimoja, mara tano kwa siku: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, saa moja jioni, saa tano usiku. Maji mengi. Nimalize vyote hata nikipata nafuu. Nikisahau kimoja, ninywe mara nikikumbuka. Ikiwa saa ya kinachofuata imekaribia, nikiache nisonge mbele. Viwili kwa pamoja ni marufuku. Nimeanza leo saa tisa.

Binti yetu anakuja Jumanne ijayo. Siku moja tu, kisha anaendelea na safari kwenda kwa mumewe. Sijamwona miaka mitatu. Ana mimba ya miezi sita na hajawahi kuugua tetekuwanga. Muuguzi alinena wazi: maadamu lengelenge hata moja lina majimaji, asinikaribie, kwa usalama wake na wa mtoto. Yakikauka yote na kufanya magamba, nimkumbatie nitakavyo.

Nitakauka. Nimekwisha kuamua.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora daftari la mahudhurio. Nimefundisha miaka thelathini na minne, sikutorokwa na mwanafunzi. Nitatorokwa na kidonge? Kila saa ina mraba wake. Kikinywewa, alama ya vema.

Saa tano kamili Fundi Saa akachungulia mlangoni. "Shemeji, saa ya dawa." Amejuaje? Nikamwambia ya chumbani mwangu hayamhusu. Kisha nikamtazama vizuri. Ana kidonda cha homa kwenye pembe ya mdomo! Nikaikimbilia karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti. Imeandikwa kwamba dawa hii hutibu pia malengelenge ya mdomoni. Sasa shati limeeleweka: niugue mimi, atibiwe yeye.

Nikakaa nyuma ya pazia kumpeleleza hadi saa nane na nusu. Kidonge cha saa tano kikanipita. Saa tisa nikanywa viwili, kwa kuwa aliyekosa kipindi sharti akifidie. Nikatia alama moja tu, ya saa tisa. Saa tano sikunywa, nami siandiki uongo daftarini.

Jumatano, 5 Machi

Wizi! Alama ni nane. Thelathini na tano kutoa nane ni ishirini na saba. Vidonge vilivyobaki ni ishirini na sita!

Mke wangu akauliza kama kile kimoja si kile nilichokifidia jana. Nikamwambia fidia ni suala moja na wizi ni suala jingine, asiyachanganye. "Mwalimu," akasema, "kajilaze." Ni dada yake Fundi Saa, huyo. Namshuku pia, daraja la pili.

Hatua: nimevitoa vyote kwenye pakiti, nimeviandika nambari kwa wino mwekundu, nimevitia kwenye kopo la chaki. Mwizi atapatikana na wino midomoni.

Maji sinywi. Maji humpeleka mtu chooni, choo kiko nje, na kopo liko ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Fundi Saa kaja kunywa chai na midomo myekundu! Nikasimama, nikamnyooshea kidole, nikamwamuru avitapike. Akabaki na kikombe hewani. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimejitazama leo. Mke wangu akaleta kioo. Midomo yangu, ulimi, meno, ncha za ndevu: vyote vyekundu.

Ya kwake ni mafuta ya mdomo yenye rangi, aliyojinunulia kwa ajili ya kidonda. Akanionyesha. Mwenye mafuta yake ataiba vidonge vya nini? Hilo ndilo swali analotaka nijiulize. Sijiulizi.

Walicheka hadi wakashikana mabega, kaka na dada.

Ijumaa, 7 Machi

Kizunguzungu. Mgongo unauma. Mkojo haba, rangi ya chai ya rangi. Nimeburutwa zahanati, mke kulia, Fundi Saa kushoto na chupa ya maji.

Muuguzi alifoka. Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Asiyekunywa maji anaziumiza mwenyewe. Akanisimamia nikamaliza chupa nzima, akapima mkojo, akasema nimeponea chupuchupu. Kisha akafungua kopo. Vumbi la chaki, wino, vidonge vimegandana.

"Mzee, umeandika namba kwenye dawa?"

"Nambari," nikamsahihisha.

Akavitupa vyote, akanipa vingine vya kumalizia. Haraka mno. Yeye na Fundi Saa wanajuana?

Jumamosi, 8 Machi

Malengelenge mengi yamekauka. Maumivu yamepungua. Kwa hiyo nimepona, na vidonge saba vya Jumapili na Jumatatu havina kazi. Nimevipa kazi. Nimevitia kwenye bahasha, nikaibandika gundi, nikatia sahihi juu ya kifuniko chake, nikaiacha mezani ambapo Fundi Saa hupita. Bahasha ikichanwa, hata mke wangu hatabisha.

Jumatatu, 10 Machi

Bahasha iko nzima! Mjanja sana huyu.

Kaniwekea saa ya kengele karibu na mto, ati inikumbushe dawa. Nimeitoa betri.

Malengelenge mapya matatu. Nilijikuna kidogo kwa rula.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi alipita alfajiri kwa ombi la mke wangu. Matatu, akasema, bado yana maji. Akauliza kama nilimaliza dawa. Nikamwonyesha bahasha, na sahihi. Hakufoka safari hii. Alisema hata anayemaliza vyote hana hakika ya kukauka kwa tarehe aitakayo, lakini vidonge vya kwenye bahasha havijapata kumtibu mtu. Bora angefoka.

Binti alifika saa nne. Nilikaa chumbani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Alisimama uani, hatua kumi kutoka kwenye kioo. Amenenepa mashavu. Akapaza sauti: "Baba! Shikamoo! Mbona umejifungia kama bwana harusi?" Nikaitika marahaba, lakini dirisha lilikuwa limefungwa, nadhani hakunisikia. Akageuka ubavu ili nione tumbo. Nikainua mkono. Akainua wake.

Chakula walikula wote barazani. Nilisikia vicheko. Mtoto alipiga teke, na aliyekuwa karibu kuusikia mguu wake alikuwa Fundi Saa.

Saa kumi gari lilikuja kumchukua. Nilizifuata kwa macho taa zake za nyuma hadi kona.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari bila kulala. Yote yamedhihirika. Vidonge haviibwi tena kwa mkono; siku hizi mtu huachwa avilinde mwenyewe mpaka wakati wa kuvinywa upite.

Binti atarudi Julai na mtoto mikononi. Safari hii sitakutwa sijajiandaa. Nimekwenda zahanati mapema nikaomba vidonge thelathini na vitano vya akiba, nivifiche kabla Fundi Saa hajajua kwamba naweza kuugua tena. Muuguzi akasema dawa hutolewa kwa mgonjwa, si kwa mwenye hila, akanifungulia mlango nitoke.

Naye nimemwandika daftarini, mshukiwa wa daraja la kwanza.