Bundi wa Bustani Yangu

Jumamosi, 1 Juni

Mpango umekamilika! Chama chetu cha bustani kinahesabu bundi. Vinasa sauti vimetundikwa mitini, na kompyuta nane za wanachama zinagawana kazi ya kusikiliza. Mwenye bundi wengi ndiye atakayepandisha bendera Sikukuu ya Katiba, Jumatano. Miaka mitatu mfululizo kapandisha jirani yangu Preben, kifua mbele kama jogoo aliyetaga. Kwangu hatui hata bundi kiziwi. Basi nimelia mwenyewe. Huu, huuu! Nimejirekodi, faili nikaliweka kwenye kompyuta yangu.

Jumapili, 2 Juni

Balaa. Hesabu imekwama. Eti faili la bustani ya Egon, yaani mimi, halipo. Halipo! Mbona naliona kwa macho yangu mawili? Birthe, mhandisi mstaafu na mama wa mitambo yetu, kajaribu tena. Mara inapita, mara inagoma. Preben kauliza kama bundi wangu wanafanya kazi kwa zamu. Mshenzi!

Jumatatu, 3 Juni

Nimeizaba kompyuta kofi. Wapi! Birthe kaja, kala nusu ya keki yangu, kagundua. Kazi ikiiangukia kompyuta yangu, faili linaonekana. Ikiiangukia ya mwingine, inapekua kabati lake na kukuta patupu. "Wewe mzee, umeficha mkate chumbani kwako, halafu unataka jirani aukate?" Kaniamuru nilipeleke kwenye hifadhi ya pamoja, kompyuta zote zilione. Nakala moja tu, kasisitiza.

Jumanne, 4 Juni

Nakala moja! Mimi si bahili. Nimeweka nakala nane, kila moja na jina lake, kila kompyuta ijipatie yake. Hesabu imepita kama siagi kwenye kikaango! Kila nakala imehesabiwa upya, bundi wangu wamejaa kuliko nzi. Utamu ulioje! Nimepiga shati pasi.

Jumatano, 5 Juni

Birthe kashuku: bundi wanane bustanini kwangu, wote wanalia sekunde ileile? Kafungulia spika mbele ya wanachama, bia mikononi. Huu, huuu! Kikohozi. Halafu sauti yangu: "Preben, mwaka huu utakoma!"

"Jamani, bundi huyu anavuta kiko!" kasema Preben, akapandisha bendera. Mimi nikashikishwa kamba.

Jioni nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa moyo mweupe. Nimeliona. Kikohozi! Nimeshanunua dawa ya kifua. Na mwakani kila nakala nitaichelewesha kidogo.