Shangazi Alivyoliteka Lango la Mizigo

Sogeeni, enyi wenye tiketi na msio nazo, mlioketi na mliokosa benchi, niwasimulie vita vya asubuhi moja katika stesheni ya kitongoji chetu, vita visivyomwaga damu ila jasho, vilivyopiganwa na shujaa aliyeketi kitini tangu mwanzo hadi mwisho.

Shujaa huyo ni shangazi yangu, fundi cherehani, Malkia wa Pindo, Mshinda Zipu, mwendesha kiti cha magurudumu chenye kulia kwii. Mapajani alipakata gauni la bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe alikuwa stesheni ya tatu kutoka hapo, amejifunga taulo, analisubiri. Treni ya saa tatu ingempita Shangazi, harusi ya saa nne ingefungwa kwa taulo.

Sasa itazameni ngome. Mlango uko jukwaa la kwanza, treni husimama jukwaa la pili, na kati yake limekaa daraja la ngazi thelathini na nane kupanda na nyingine kama hizo kushuka, kazi ya mhandisi ambaye bila shaka alikuwa na magoti mazuri. Lifti ipo. Imebandikwa karatasi ya kuomba radhi, nayo imezeeka hadi wino umekuwa kahawia. Chini ya ngazi kuna bango: asiyeweza kupanda ngazi aonane na ofisi ya msaada, ghorofani.

Shangazi akalisoma mara mbili, akacheka kile kicheko ambacho ukoo mzima hukihofia kuliko matusi. Kisha akageuza kiti kuelekea lango la mizigo, ambako njia ya saruji, pana na laini, hupita chini ya reli hadi jukwaa la pili. Hapo alisimama karani wa mizigo, Simba wa Mihuri, kalamu sikioni. Akasema kwa upole kwamba njia ile ni ya mizigo tu na kanuni hakuitunga yeye. Shangazi akauliza kama cherehani hupita. Hupita. Mbuzi je? Naye, akifungwa kamba.

"Basi mwanangu, mimi ni mzigo," Shangazi akasema. "Nyumbani wananiita hivyo bila hata karatasi. Wewe niandikie."

Karani akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mzigo lazima upimwe, mama."

"Pima. Ila utoe uzito wa kiti, usiniharibie jina."

Mizani ikanguruma, kilichosomeka nimeapa kutokitaja. Daftari likafunguliwa. Mpelekaji? Mwenyewe. Mpokeaji? Mwenyewe. Honi ya treni ikasikika kwenye kona, na karani akafika mstari wa mwisho.

"Unavunjika kwa urahisi?"

Shangazi akainua macho kutoka kwenye gauni. "Andika hauvunjiki. Kwa herufi kubwa."

Akaandika, akafunga lebo kwenye kiti, akafungua lango, na Shangazi akateremka kama jeshi litokalo mlimani, kwii kwii, gauni likipepea mithili ya bendera, akaingia behewani mlango ukifungwa nyuma yake.

Ndivyo ngome ilivyoanguka, enyi wasikilizaji. Na Jumatatu iliyofuata karani alifika kazini akakuta foleni: mama wa mapacha na kigari chao, babu wa magongo mawili, na mjamzito wa miezi minane, wote wamejipanga mbele ya mizani, wakisubiri kupimwa.