Sabuni Iliyopigiwa Kura

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe na ijulikane: leo asubuhi, baada ya chai, kipande cha sabuni kimehutubia ulimwengu. Nilikishika mimi. 

Maelezo kwa vizazi vijavyo. Dada yangu mkubwa hupika sabuni ya mche jikoni kwake. Rangi ya udongo, umbo la tofali, harufu ya usafi basi. Akishaikata huipanga kwenye mbao ikauke kwa majuma, na mbao hizo zimo chumbani kwangu. Nalala na sabuni. Naota sabuni. Nimebakiwa na kitanda tu, nacho kwa hisani.

Sasa, Jumamosi anakuja mama mmoja, msimamizi wa dobi katika nyumba kubwa ya wageni, kuchagua sabuni ya kufulia mashuka. Akiipenda ya Dada, ataichukua kila mwezi. Dada atapanga chumba cha kazi mtaa wa pili, nami nitarudishiwa changu. Kila kitu kinategemea Jumamosi! Dada hana wasiwasi. Anasema chema chajiuza. Maskini! Wahenga hawakuwa na bando.

Nimefungua ukurasa mtandaoni. Nimejisomea kwenye simu, bila mwalimu, kwamba siku hizi mali si bidhaa, mali ni macho ya watu. Ukishayakamata macho, mengine yanakuja yenyewe. Nikamweleza Dada. Akauliza hayo macho yanafua shuka?

Nikachukua simu. Nimepiga video uani, mbele ya pazia la maua, maji yakichuruzika nyuma yake. Sanaa tupu.

Jumanne, 4 Machi

Wametazama! Watu! Wengine si hata ndugu! Mmoja kauliza pazia linauzwa wapi. Swali la pembeni, lakini jicho ni jicho.

Kinyozi wa jirani kachungulia juu ya ukuta. Naye ana ukurasa. Hunyoa ndevu polepole huku muziki wa huzuni ukilia, na umati humfuata kama nzi na muwa. Kaniita Bwana Povu. Kasema ndevu zinatazamwa kwa sababu zinabadilika, ndugu yangu. Tofali lako leo tofali, kesho tofali, na mtondogoo tofali.

Nilimgeuzia mgongo kwa dharau. Halafu nikaingia ndani na kukubaliana naye. Lazima kitu kibadilike! Nimepigisha kura: wadau waseme wenyewe wanataka sabuni ya rangi gani. Mteja ni mfalme, na mfalme asiyeulizwa huhamia kwa mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Zambarau! Umma umesema!

Nikachukua mche mmoja, nikaukwangua kwa kile kifaa cha karoti, nikauyeyusha kwa maji, nikatia rangi. Video ya kuyeyusha imetazamwa kuliko ndevu za mtu yeyote. Nimepiga mluzi karibu na ukuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Dada kaona mikono yangu ya zambarau. Kasema haya, mdogo wangu, chezea vipande vya pembeni, lakini zile za mbaoni ni za Jumamosi, usiziguse hata kwa ncha ya ukucha. Nikaapa. Kisha akaona ndimu kwenye chai yangu na kunifukuza jikoni pamoja na kikombe. Ni mwiko wake: ndimu haikaribii sufuria ya sabuni. Sababu hatoi. Mtu mzima, na ana mambo ya ushirikina hivi.

Maoni yanamiminika. Mmoja anataka sabuni yenye umbo la kobe. Mwingine analalamika povu humwingia machoni, lipunguzwe. Watatu wanataka harufu ya ndimu. Wa pazia wameongezeka. Nimewaandikia kwa upole kwamba hapa, wapendwa, tunazungumzia sabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaenda mjini kununua mafuta, hadi jioni. Mungu hupanga.

Nikauliza wadau: tutengeneze kobe wachache wa majaribio, au wote? Wakasema wote. Mimi ni nani nipingane na umma? Niliapa kutozigusa, ndiyo. Lakini niliapa mbele ya mtu mmoja, na hawa ni wengi.

Nikakwangua mbao ya kwanza. Ya pili. Zote! Mkono umekufa ganzi. Kuhusu ndimu niliwaeleza mwiko wa Dada, wakacheka mpaka simu ikapata moto. Basi nikakamua ndimu za kapu zima. Sufuria ikafanya jambo la ajabu: mafuta yakaelea juu, chini vikabaki vibonge kama maziwa yaliyokatika. Nikajua inaiva.

Magamba nimeyatengeneza kwa bakuli. Miguu nimefinyanga kwa mikono yangu. Kobe wa zambarau, safu kwa safu, wananitazama! Nimelia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa umewaka moto! Mioyo, makofi, watu wanawapa kobe majina! Kinyozi kaja mwenyewe, kaingia kwa mlango kama watu. Kamgeuzageuza kobe, kamnusa, kauliza kama nimefulia chochote. Wivu unavyomfanya mtu aulize maswali!

Kisha Dada kafungua chumba changu ili ahesabu sabuni zake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kashika kichwa, kaniuliza mdogo wangu, nilipokwambia usiziguse, ulisikia lugha gani? Nikamwonyesha maoni. Kayasoma yote, kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kauliza ni yupi kati ya hawa aliyefua japo leso. Nikamwambia hayo ni maswali ya kizamani.

Kaacha chakula mezani. Nimekila mimi, kisiharibike.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi kafika na foronya yake yenye doa. Mwanamke mfupi, mikono mipana, haoneshi meno ovyo. Nikamtolea hotuba niliyoiandaa: sabuni ya kwanza kuundwa na wananchi! Nikampa simu. Kaitazama, kanirudishia, kasema hongera mwanangu, una marafiki wengi. Sasa nipe beseni.

Kamsugua kobe. Hakuna povu. Kamsugua tena, kwa nguvu za kazi. Kichwa kikang'oka. Maji yakawa na mafuta juu, foronya ikateleza kama samaki, doa likatulia mahali pake. Mikono ya mama wa watu ikang'aa hadi viwiko! Kaomba kitu cha kunawia.

Dada akaokota kipande kilichokuwa bombani. Kikuukuu, rangi ya udongo, chembamba kama biskuti. Msimamizi kanawa. Povu! Kakitazama. Kafua foronya yote kwa kile kipande, doa likaondoka, kasema nataka hii. Isiyo na miguu.

Dada kamwambia ukweli: hii imekwisha yote, mama, na nyingine lazima ikauke. Msimamizi kamtazama, kanitazama mimi, kamshika Dada bega. Kasema nitasubiri; hata mimi nyumbani nina mdogo wangu.

Ushindi! Bidhaa imeundwa kwa maoni ya mteja, kama nilivyotabiri! Nikamwambia Dada hivyo. Kaniangalia mpaka nikakaa.

Tatizo dogo. Chumba cha kazi kitapangwa baada ya mzigo wa kwanza, na ili mzigo utimie Dada anapika mara mbili. Mbao za nyongeza zimewekwa juu ya kitanda changu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamkia kwenye benchi la ukumbini. Shingo imepinda, akili imenyooka. Nimejifunza jambo kubwa!

Kosa langu lilikuwa kutosikiliza. Nimerudi kwenye maoni yote, tangu Jumatatu. Hakuna hata mmoja aliyeomba kununua sabuni. Hata mmoja! Wanaotaka kununua, wanataka pazia. Umma ulipiga kelele juma zima, nami nilikuwa nimezibwa masikio na kobe!

Nimepigisha kura kabla ya chai. Matokeo: pazia likatwe liwe vitambaa vya kichwa. Kinyozi kaniazima mkasi wake mzuri, upesi mno, akitabasamu, hatimaye anatambua kipaji. Nimelitungua pazia, nimelikata lote, mistari imenyooka kwa ajabu. Nimeweka video. Mioyo inamiminika! Wanataka na la pili!

Dada amesimama uani na ndoo ya maji ya moto na taulo begani.

Lile pazia lilikuwa mlango wa bafu.