Nilivyogawa Sanduku la Vitabu Nikiwa Ndani ya Maji ya Muhogo

Leo nimepata haya mbele ya watu wa kilio kizima, na harufu ya muhogo bado iko kwenye suruali yangu. Ninaandika nikiwa juu ya kilima, pale ambapo rezo ya simu inashika. Nitasema yote mwenyewe, kabla wengine hawajawaletea kwa namna yao.

Munanijua. Mimi ni fundi wa kushona wa Kasongo, na humu kwenye kundi letu la wasomaji ndimi mwenye mudomo. Juzi tu niliwaandikia tena maoni yangu juu ya riwaya za mizimu. Nilisema muzimu wa kitabuni akianza kuongea, woga unakwisha. Muzimu muzuri anatazama tu. Nilisema pia riwaya za miaka ijayo zinanichosha, kwani watu wanaruka angani toka mwanzo mpaka mwisho na hakuna hata mumoja anayetwanga sombe ya majani ya muhogo. Na nilisema (hii ningependa muisahau) kwamba mutu wa riwaya akiona muzimu akakimbia, mwandishi ni muvivu. Mutu mwenye akili, niliandika, anasimama na kuuliza.

Sasa, Mwalimu Sefu. Alifundisha shule miaka mingi, akazeeka, akarudi kijijini kwao, mbele kidogo ya Lusangi, na sanduku la chuma lililojaa riwaya. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwa raha. Kila nikienda kupeleka nguo za watu wa kule, nilimurudishia kitabu na kuchukua kingine. Alikufa mwezi uliopita. Leo ilikuwa siku ya kumaliza kilio, na siku hiyo ndiyo familia inagawa vitu vya marehemu.

Nilikuwa nimesikia kwamba Hamisi, mutoto wa ndugu yake, analitaka sanduku. Hamisi hasomi. Muke wake anauzia wachimba dhahabu karanga kule Salamabila, na karanga zinataka karatasi ya kufungia. Riwaya zile zote, zichanwe ukurasa kwa ukurasa. Nilikosa usingizi. Nikaamua kwenda kumuomba mjane, Mama Feza, mbele ya watu wote, na maneno nikayaandaa vizuri, yenye heshima, hata na methali ndani.

Nililala Lusangi kwa dada yangu, na asubuhi nikashika njia kwa miguu. Ukungu ulikuwa muzito, majani marefu yanadondosha maji huku na huku. Ndege hawakulia. Nilisikia nyayo nyuma yangu. Nikisimama, nazo zinasimama. (Zilikuwa za kandambili zangu zilizoloa. Nilijua. Niligeuka hata hivyo.)

Kijijini sikukuta mutu. Moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria kubwa, kifuniko kinachezacheza, hakuna wa kukiangalia. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa, vitupu. Mulango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, na sauti yangu ikaingia ndani ya nyumba bila kujibiwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba wote walikuwa kaburini kwa dua, lakini wakati ule sikujua kitu.

Halafu nikaona musumari wa barazani. Siku zote koti lake refu la mvua lilining'inia pale. Koti halikuwepo. Niliugusa musumari ule kwa kidole, nione kama kweli ni mutupu.

Nikajiambia: pengine watu wako nyuma. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwenye migomba, pale wanapolowesha muhogo ndani ya shimo la maji. Hapo nikasikia kikohozi. Kile cha Mwalimu. Vifupi vifupi, halafu kimoja kirefu cha kumalizia. Kilitoka ndani ya ukungu, mbele yangu. Halafu muguu ukikokotwa kwenye majani makavu, ule wa kushoto, alivyozoea kutembea. Halafu likatokea koti. Halafu kofia yake nyekundu ya sufu, imeshushwa mpaka kwenye macho.

Akasimama. Akanitazama. Hakusema neno.

Ndugu zangu, maoni yangu yalikuwa ya kweli. Muzimu asiyesema ni mubaya sana. Nilitaka kusimama na kuuliza, kama mutu mwenye akili. Badala yake nikashika mugomba kwa mikono miwili. Nikaweka tumaini langu lote kwenye jambo moja: akiongea, woga utakwisha. Akaongea, kwa sauti ile ile ya puani ya Mwalimu.

"Fundi. Umefuata nini kwangu?"

Woga haukukwisha. (Ile sehemu ya maoni yangu ninaifuta.) Nikarudi nyuma, nikarudi tena, na udongo ukakwisha chini ya miguu. Nikaingia ndani ya shimo la muhogo mpaka kifuani. Ninyi munaokula ugali bila kuuliza umetoka wapi, muhogo uliokaa majini siku nyingi una harufu ambayo siwezi kuwaeleza kabla sijala.

Akakokota muguu mpaka ukingoni. Akainama. "Nimekuuliza, umefuata nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Sanduku sitaki. Vitabu mupe Hamisi, vyote, afungie karanga. Mimi sitaki hata kimoja."

Kicheko kilichotoka kwenye migomba, sijakisikia kingine cha namna ile. Watu walikuwa wamerudi kutoka kaburini na wamesimama pale wote, pamoja na shehe. Muzimu naye akavua kofia. Alikuwa Mwamini, mujukuu wa Mwalimu, muuza mafuta ya mawese, ambaye mimi mwenyewe nilimushonea nguo ya harusi.

"Pole, Fundi," akasema, akipangusa machozi. "Nilijificha nikingoja wakwe watoke kaburini, niwachekeshe. Nilidhani wewe umenijua."

Ningepaswa kumujua. Kwetu, siku ya kumaliza kilio, mujukuu anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, ili watu wamuone mara ya mwisho na wacheke. Hakuna asiyejua. Kwenye kilio cha babu yangu ni mimi niliyevaa kaptula yake, na shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Walinivuta kwa mupini wa jembe. Nilipopata pumzi nikaanza yale maneno yangu mazuri. Muzee Saidi, kaka ya marehemu, akainua mukono.

"Ngoja, mwanangu. Kule majini ulisema nini?"

"Nilisema kwa woga, baba."

"Ulimuambia nani?"

"Nilimuambia Mwamini."

"Na Mwamini amevaa nini?"

Nikalitazama koti. Neno unalomuambia aliyevaa nguo za marehemu, umemuambia marehemu, na la marehemu halirudishwi. Wazee wakatikisa vichwa. Mumoja akasema, "Neno limekwisha kutoka." Hamisi hakungoja kusikia zaidi, alikuwa anafunga sanduku kwenye baiskeli kwa kamba ya mupira. Roho iliniuma sana. Nililia, ninawaambia ukweli, ila nilikuwa nimeloa mwili mzima na hakuna aliyetambua.

Halafu Mama Feza akaniita. Alikuwa amekaa kwenye mukeka mulangoni. Mwamini alininong'oneza kwamba toka mazishi hawajasikia sauti yake, na kwamba nilipoanguka alicheka mpaka akashika ukuta. Macho yake yalikuwa bado na machozi, sijui ya kilio ao ya kicheko.

"Fundi, mwanangu, kuja." Akaingiza mukono chini ya mutandio wake, akatoa kitabu. "Hiki hakikuwa ndani ya sanduku. Kilikuwa kitandani. Mimi sijui kusoma. Yeye alikuwa ananisomea kila magharibi, akaniacha katikati. Nataka kujua huyo binti alitoka ndani ya ile nyumba, ao hakutoka."

Nikakaa mbali kidogo kwa ajili ya harufu. Yeye akasogeza mukeka karibu.

Nikasoma. Ilikuwa riwaya ya mizimu, na iliandikwa na mutu asiye muvivu hata kidogo. Watu wakasogeza viti. Hamisi mwenyewe akaegemeza baiskeli. Nikafika pale ambapo binti anasikia kikohozi nyuma ya mulango, na anajua nyumba nzima haina mutu. Nikaacha kusoma. Nikatazama kwenye migomba, mara moja tu, na kilio chote kikaniona nikitazama.

"Soma tu, mwanangu," Mama Feza akasema. "Huyu wa kitabuni hawezi kukutupa majini."

Nilisoma mpaka mwisho. Binti alitoka. Na ninyi, tafadhali, musicheke: wa huku wamekwisha kufanya kazi hiyo kwa ajili yenu.