Pembe ya Mjusi Asiye Mjusi

Jumatatu, 3 Machi
Hoi. Kutwa nzima nasugua mifupa ya makumbusho kwa mswaki. Jioni mama mkwe amekuja, akaanza tena habari za shemeji: duka lake la vifaa vya ujenzi, jina lake juu ya mlango, herufi za kung'aa. Akauliza la kwangu litaandikwa wapi. Nikaropoka kwamba litapewa mnyama, yule aliyetoweka zamani tunayemsafisha sasa. Amefurahi mno. Jumamosi analeta ukoo mzima. Mdomo huu utaniponza.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba Profesa mnyama aitwe kwa jina langu. Kanijibu kwa upole wa kuudhi. Majina mengi ya wanyama hawa hutoka Kigiriki au Kilatini. Hata dinosaria ni Kigiriki: mjusi wa kutisha. Kumbe wala si mjusi! Nikauliza mbona hawakulifuta. Akasema limeshazoeleka. Halafu, kujipa jina mwenyewe ni aibu. Hupewa na mwenzako. Na huyu wetu hana jipya la kumpatia jina, labda aonekane na kitu cha ajabu.
Kitu cha ajabu. Sawa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata ncha ya pembe. Nimeiloweka kwenye chai, nikaipaka udongo, nikaigandisha puani pa fuvu. Imekaa vizuri kuliko pua yangu. Nikamwita Profesa aone nilichofukua. Amenikumbatia. Jina litakuwa langu, na mkia wa Kilatini. Nimelia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee wa Plasta, mtengeneza nakala za mifupa, amekuja kuchukua umbo la fuvu. Plasta ilipokauka akaivuta. Pembe ikaifuata. Akainusa, akasema hiyo ni gundi ya viatu. Akasema pia anamjua mwenye pembe: nyati aliyekaushwa, ukumbi wa juu, na angeomba arudishiwe. Profesa hakugomba. Afadhali angegomba. Amenihamishia kwenye kufuta madirisha.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu alikuwa ameshaazima viti kwa jirani. Wamejaa wote, shemeji kavaa suti. Nikasema jina limeahirishwa. Mke wangu akatazama sakafu, nami nikatamani initoweshe kama wale wanyama. Ili kubadili mada nikawaeleza maana ya dinosaria. Mama mkwe akafikiri, akauliza: aliyemwita mjusi asiye mjusi, alifukuzwa kazi? Nikasema hapana, anasifiwa hadi leo. Akanishika bega, akasema basi nisikate tamaa. Sijawahi kumpenda kama leo.

Jumatatu, 10 Machi
Madirisha. Mgongo umekufa. Nimetafakari maneno ya mama mkwe tangu asubuhi. Yule wa mjusi alikosea kabisa, na jina likadumu. Mimi nimekosea kidogo tu, langu likadumu siku mbili. Tofauti yetu ni nini? Gundi. Jioni nimepitia dukani kwa shemeji, nikachukua ile ya mafundi seremala. Nyati bado ana pembe moja nzima.