Matope ya Gemu Yapunguzwe Mara Moja

Ofisi ya Mwenyekiti wa Mtaa,
Makanyagio, Mpanda.

Kwa Odeta, mtengenezaji wa gemu, Shanwe, ambaye pia ni mpwa wangu,

Salamu za ofisi zikufikie kabla ya zile za ukoo. Mimi mjomba wako Severini ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo ina hali mbaya tangu Jumamosi.

Uliponiomba nitembee mbele ya simu yako, kwenye lami, changarawe na matope, ili kompyuta ijue jinsi kila ardhi inavyomtendea binadamu, nilikubali. Nilivaa hadi suti. Sikujua naandaliwa kuwa kichekesho cha mkoa mzima. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, maana nasikia nyie watu wa kompyuta hamuelewi kitu kingine.

1. Kwenye gemu lako, mwenyekiti anakimbia vizuri kwenye lami na kuruka mfereji kama swala. Hapo nakupongeza, umeniona nilivyo. Lakini akigusa tope la njia ya zahanati mwendo unakufa, na akiruka anainuka kama kuku aliyefungwa miguu. Taarifa yangu inasema njia hiyo inapitika majira yote. Taarifa ina mhuri. Tope lako lina mhuri wa nani?

2. Mteremko wa kalavati. Mwenyekiti akisimama pale hasimami. Anateleza polepole, mikono juu, mpaka majini. Ulinieleza kwamba kila ardhi umeipa namba yake ya utelezi. Vizuri. Namba ni yako, ishushe. Wananchi wananiuliza mbona kiongozi wao hana breki.

3. Mkutano wa Jumamosi. Nilikuwa katikati ya kusoma taarifa hiyo ndipo Gratien, fundi runinga, akawasha runinga kubwa aliyokuja nayo, gemu lako likiwa ndani, akanikabidhi rimoti ya kuchezea kwa adabu zote. "Mwenyekiti, tupeleke zahanati," akasema. Nikazama. Nikaanza upya, nikazama tena. Masunga, anayekitamani kiti changu, alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha akasimama Vestina, yule mama anayeuza mchele wa Majimoto, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hapo hapo," akasema. "Hapo ndipo walipodondosha machela nikiwa na uchungu. Mwanangu alizaliwa hapo, mvua inanyesha." Kicheko kikakatika. Nililazimika kuahirisha mkutano kwa kukosa utulivu, ingawa utulivu wenyewe ulikuwa mwingi kupita kiasi.

4. Kwa kuwa kutengeneza njia kunahitaji greda, mhandisi, vikao na bajeti, na kutengeneza namba kunahitaji kidole chako kimoja tu, naelekeza tope lipewe namba ya lami. Mvua nayo iondolewe, haina mchango wowote katika maendeleo.

5. Baada ya hapo nipewe uwezo wa kuruka mara mbili nikiwa hewani, kama wenzangu wa magemu mengine. Gemu litaambatishwa kwenye taarifa ijayo kuwa ushahidi kwamba njia imekamilika, na tutaizindua kwa kukata utepe humo humo ndani ya kompyuta. Mwananchi atakayezama baadaye atakuwa amezama kwa makusudi, kinyume cha taarifa.

Nisalimie mama yako, dada yangu Imakulata, wanakwaya wenzake wote, majirani, na huyo Danford aliyekuchorea tope. Mwambie amepatia rangi kuliko inavyofaa kwa afya yangu.

Ndimi mjomba wako, katika ujenzi wa mtaa na wa namba,
Severini Lyamba,
Mwenyekiti.

N.B. Samahani kwa hali ya karatasi. Bodaboda wote wamegoma kupita, nikaamua kukuletea barua hii kwa miguu kupitia njia ya zahanati. Pale kwenye kalavati niliruka. Nikainuka kama ulivyopanga, nikateleza kama ulivyopanga. Vestina alikuwa anapita na mtoto mgongoni; akatua mchele wake, akanivuta mpaka nikatoka. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Umeumia, baba?"

Usiguse namba hata moja. Jumatatu njoo na kompyuta, tunakwenda kwa mhandisi wa halmashauri. Vestina amekubali kuja. Ataeleza yeye, mimi nitanyamaza, na rimoti tutampa mhandisi.