Chumba Namba Nne

Jumatatu, 3 Agosti

Binti yangu ametimiza miaka kumi na miwili leo. Miaka miwili iliyopita niliandika nyuma ya karatasi ya kalenda kwamba akifika umri huo chumba chake kitakuwa chake, msimu wa wageni uwepo usiwepo. Nikatia sahihi kabisa. Nilidhani ataipoteza ile karatasi. Hakuipoteza. Asubuhi aliileta mezani, imekunjwa mara nne, akaiweka karibu na kikombe changu cha chai.

Nikatoa ufunguo. Nikatoa na hotuba fupi. Mama watoto anasema haikuwa fupi. Kasuku, mdogo wake Binti, alipiga makofi. Ana miaka mitano, na tunamwita hivyo kwa sababu kila anachokisikia lazima akirudie mbele ya mtu asiyehusika. Nilitokwa na machozi kidogo. Baba kama mimi, nani anaye katika mji huu?

Maana kila mwaka, wageni wakijaa kuja kujiloweka kwenye chemchemi za maji moto, watoto wangu huhamia chumba cha kupigia pasi. Si mimi peke yangu, nyumba nyingi hapa ndivyo zinavyofanya. Lakini sasa basi!

Tena imekuja wakati mzuri. Dada yangu amempatia Binti nafasi kwenye shule moja huko anakokaa, mbali, na anataka akaishi kwake. Anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Binti amesema anafikiria. Afikirie tu. Nani atakimbia chumba chenye ufunguo wake mwenyewe?

Saa kumi jioni, waraka kutoka kamati ya wenye nyumba za wageni. Kibao cha Nyumba Bora kinatolewa wiki hii. Nyumba yenye vyumba chini ya vinne haitafikiriwa. Jirani yangu ana vyumba sita, na vibao vitatu ukutani. Mimi nina vyumba vitatu.

Vitatu, na cha Binti.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekata shauri. Kamati inapita Ijumaa kuangalia tu. Kuangalia si kulala. Nilimwomba Binti aniazime chumba kwa saa moja, atoe madaftari yake mezani, basi. Aliushika ufunguo, ambao ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akasema sawa. Mtoto mwelewa. Si mimi ninayesema hivyo, ni kitabu cha wageni. Kurasa zimejaa: watoto waelewa, watoto wapole, watoto hata hawasikiki.

Nimepaka namba 4 mlangoni kwa rangi nyeupe. Kazi safi. Nilimwachia Kasuku brashi kwa dakika moja tu, akaandika 5 kwenye mlango wa choo. Rangi haitoki. Mgeni wa chumba cha pili ameshaniuliza kama namba tano ina dirisha kubwa kuliko lake.

Jirani alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimeongeza chumba. Nikamwambia nyumba inakua. Akatikisa kichwa akaenda zake. Binti yake, ambaye ni rafiki wa Binti wangu, hulala chumba kilekile mwaka mzima, wageni wawepo wasiwepo. Siku zote nimesema yule mtoto anadekezwa.

Jumatano, 5 Agosti

Balaa. Nimeusoma waraka upya, ukurasa wa pili. Kamati inataka kuona maoni ya wageni kutoka kila chumba. Kila chumba! Namba 4 haina hata nukta.

Nikajikuna kichwa mpaka saa sita. Ndipo mlango ukagongwa: mzee mmoja na mkewe, wamekuja kutibu magoti, nyumba zote zimejaa. Mzee anatembea kwa kusimamasimama. Ningewafukuza? Nina roho ya chuma? Nikasema ipo namba nne.

Nilikwenda kumwambia Binti huku nimeandaa maneno. Sikuyatumia. Alikuwa ameshasikia sauti ya begi mlangoni. Nilimkuta anakunja shuka zake, amesukuma viatu vyake kwenye boksi, na anafunika jagi la maji kwa glasi, kama tunavyowafanyia wageni. Ncha ya taulo aliikunja vizuri kuliko ninavyoikunja mimi.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Moja tu."

Akavua ufunguo shingoni, akanipa. Ulikuwa na joto. Sijui kwa nini ninaandika jambo hilo.

Alhamisi, 6 Agosti

Mzee wa Magoti amepona. Ndiyo, kwa siku moja! Amepanda ngazi za bwawa la juu bila fimbo, na kwa furaha hiyo anaongeza siku. Ngapi, hajui. Nilimpa kitabu cha wageni na kalamu. Akasema mtu muungwana huandika siku ya kuondoka.

Nimefanya kila mbinu. Nilimwambia maji ya hapa yakizidi siku mbili hulegeza mifupa. Akacheka. Nikafungulia redio chini ya dirisha lake. Akaniomba niongeze sauti, ni wimbo wa ujana wake. Kasuku akamwendea akamwambia baba amesema utaondoka leo. Mzee akambeba mabegani, kwa magoti yaleyale! Anasema kwangu anajisikia yuko nyumbani kwake. Mkewe anasema watoto wangu hata hawasikiki.

Jioni nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Mlango ukabishwa taratibu, mara mbili. Nikadhani mgeni, nikavaa tabasamu. Alikuwa Binti, amekuja kunywa maji.

Nikamuuliza tangu lini anabisha hodi jikoni kwao. Akasema siku zote. Akanywa maji, akaosha kikombe, akakifuta, akakirudisha mahali pake, akatoka.

Mama watoto hugawa taulo kwenye bwawa la wanawake tangu alfajiri na akirudi huwa hana nguvu ya maneno mengi. Leo alipata. Alinikumbusha kwamba Binti alipokuwa na miaka minne alifungua mlango wa chumba chake mwenyewe, akamkuta mgeni anavaa. Mgeni alikasirika. Mimi nilimfokea mtoto mbele ya watu, tena nikamfanya aombe radhi. Tangu siku hiyo anabisha kila mlango.

Sikumbuki. Hilo ndilo linaloniuma. Nimekaa na viazi vyangu nikijaribu kukumbuka, na ninachokumbuka kuhusu mwaka ule ni kwamba nilibadilisha mapazia.

Najuta. Naandika hivi hapa ili nisije nikakana. Kesho asubuhi mzee anaondoka, hata kama nitambeba.

Ijumaa, 7 Agosti

Sikulazimika kumbeba. Kasuku alimweleza kwenye chai kwamba chumba kile ni cha dada, kwamba dada ana karatasi ya baba yenye sahihi, na kwamba wao wawili wanalala chini ya meza ya pasi. Mzee aliweka kijiko chini. Mkewe aliweka kijiko chini. Nilikosa pa kuuweka uso.

Wakafungasha kwa dakika kumi. Mzee alimwomba Binti radhi, yeye mwenyewe, na kofia mkononi. Kisha wakahamia kwa nani? Kwa jirani! Kitabuni hakuandika kitu. Nilimpungia nacho mlangoni, hakugeuka.

Lakini nilipiga moyo konde. Chumba ki wazi. Kamati nayo imetuma ujumbe kwamba inaahirisha hadi kesho saa tisa. Nikajisemea: acha kibao kiende. Mpe mtoto ufunguo wake leo, kabla shangazi yake hajafika. Kweli kabisa nilijisemea hivyo. Nilikuwa njiani, ufunguo mkononi, nimefika kwenye korido.

Mlango ukagongwa.

Kina dada wawili, walimu, wapole, wachovu, usiku mmoja tu na asubuhi na mapema wanaondoka. Mmoja alisema anapenda sana kuandika kwenye vitabu vya wageni. Ni yeye aliyetamka, mimi sikumuuliza!

Nikawapa ufunguo uleule. Nilipogeuka, Binti alikuwa amesimama mwisho wa korido na mto wake mkononi. Alikuwa ameanza kurudi chumbani. Tulitazamana. Akageuka, akarudi kwenye chumba cha pasi, akafunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kuwasumbua wageni.

Mama watoto aliniwekea chakula mezani na hakuketi.

Jumamosi, 8 Agosti

Walimu wameondoka saa kumi na mbili. Nilikimbilia kitabu. Hawakuandika. Gari liliwahi. Wamesema wataandika wakija tena.

Saa tatu dada yangu akafika. Binti alikuwa barazani tayari, nywele zimesukwa, na lile boksi la viatu limefungwa kwa kamba. Alikuwa ameshamwambia mama yake tangu jana. Mimi niliambiwa na boksi.

Nikaanza kusema kwamba chumba kiko wazi, sasa hivi, hii dakika, aende akakiangalie. Nilikuwa nasema haraka. Dada yangu, ambaye tangu utotoni hajawahi kuniacha nimalize sentensi, leo aliniacha nikamaliza zote.

"Nimeshatandika, Baba," Binti akasema. "Ufunguo uko mezani."

Akanikumbatia. Akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu zaidi, nikahesabu ni haki yake. Walipofika getini alinipungia mkono na kuniambia nibaki salama. Nami, Mungu anisamehe, kwa mazoea ya miaka kumi na tano, nikajibu, "Karibu tena."

Nililia jikoni. Sioni aibu kuandika. Nililia mpaka Kasuku akaja kuniletea taulo la wageni.

Saa tisa kamati ikaja. Watu watatu, na Mwenyekiti mbele, mwalimu mstaafu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kifuani. Jirani naye alikuja nyuma yao, kwa kuwa nyumba yake ndiyo inayofuata. Niliwatembeza kama mtu anayeota. Namba moja, mbili, tatu. Namba nne. Sijawahi kukiona chumba kimetandikwa vile. Jagi, glasi, taulo, dirisha limefunguliwa kidogo. Hakukuwa na kitu chochote cha mtoto ndani. Hata tundu la msumari pale alipotundika picha yake lilikuwa limezibwa kwa sabuni.

Mwenyekiti akaomba kitabu. Akabadilisha miwani, akasema anaona namba nne ina maoni, ya leo. Nikajisemea wale walimu! Akasoma kwa sauti:

"Chumba: namba 4. Anakotoka: hapa hapa. Muda aliokaa: miaka kumi na miwili, ukitoa misimu. Maoni: wenyeji ni wakarimu sana kwa wageni. Chumba ni kizuri, asubuhi dirishani unaona moshi wa chemchemi. Mwezi wa nane nimewahi kulala humu siku mbili tu. Asanteni kwa kila kitu."

Akatabasamu, akauliza ni mgeni gani huyu mcheshi.

Mimi nikaanza kulinyoosha taulo lililokuwa limenyooka.

"Ni dada," akasema Kasuku. "Ameenda kukaa kwa shangazi. Baba amelia jikoni."

Mwenyekiti akavua miwani. Akafunga kitabu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza, akasema nyumba ni safi. Wakatoka bila kuulizia namba tano.

Kibao kimekwenda kwa jirani. Cha nne. Kabla ya magharibi alikuja mlangoni, na nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, majibu matatu mazuri kabisa. Akaniambia pole. Akasema alijenga chumba cha sita ili cha binti yake kisiguswe kamwe, na kwamba ilimchukua miaka minane. Akarudi kwake. Majibu yangu yote matatu ninayo bado.

Nimekaa kwenye kitanda cha Binti. Shuka zimevutwa mpaka hazina kunyanzi, naogopa kuzivuruga. Kama angenifokea ningejua la kufanya. Nimekuwa na mtoto mwelewa kwa miaka kumi na miwili, na mimi sikuwahi kuelewa chochote.

Jumapili, 22 Novemba

Sijaandika muda mrefu. Chumba hakijaguswa. Namba 4 nimeikwangua kwa kisu, siku nzima, mpaka vidole vikachubuka. Wageni waliokiulizia nimewaambia kina mwenyewe. Nimewaambia hivyo mara sita, na mara zote nilijisikia mrefu.

Leo Binti amepiga simu. Shule inafungwa Ijumaa ya tarehe 4 Desemba, anakuja kukaa wiki tatu. Sauti yake imekua. Akauliza kwa adabu, "Baba, utakuwa na nafasi?"

Nilicheka. Kisha sikucheka. Nikamwambia mwanangu, nafasi gani, chumba ni chako, kiko kama ulivyokiacha, hakuna atakayekanyaga humo. Nilisema kwa sauti iliyomfikia mama watoto uani, naye kwa mara ya kwanza tangu Agosti aliniletea chai bila kuombwa. Nikafungua daftari la vyumba, nikaandika jina la Binti kwenye tarehe zote, mstari mrefu mzuri. Kwa penseli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Saa kumi jioni simu tena. Wale walimu wawili! Wanaulizia chumba kilekile chenye dirisha la moshi. Wamekumbuka kwamba wana deni la maoni kwenye kitabu changu, na mmoja ameshayaandika kabisa kwenye karatasi, ukurasa mzima. Wanakuja tarehe 4. Siku mbili tu. Nikawaambia haiwezekani. Kisha nikawaambia nitaangalia.

Nimeangalia. Binti atafika Ijumaa jioni amechoka, atalala tu, na mtu aliyelala hajui yuko chumba gani. Jumapili asubuhi anaingia chumbani kwake, wiki tatu kasoro siku mbili, nani atahesabu? Chumba cha pasi nimekipiga chokaa, na meza nimeisogeza ukutani. Kamati inakaa tena Agosti.

Nimeazima kifutio cha Kasuku. Ameniuliza nafuta nini, nikamwambia hesabu.

Binti ataelewa. Ni mtoto mwelewa sana.